Nani Mwenye Paa? Nyumba Zetu za Visiwani Tangu Tufani ya 1872



Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotangazwa kuwa kinaelekea pwani yetu, boti za Unguja na Dar es Salaam zilisimamishwa na watu wakajaa madukani wakitafuta misumari, kamba na tochi. Mimi nilikuwa Mji Mkongwe, kwa shangazi yangu. Nyumba anayokaa ni ya mirathi. Bati la upande unaopigwa na kusi limelegea kwa miaka, na kila masika tunalijadili. Usiku ule tulipandisha ndoo saba ghorofa ya juu, tukakunja mazulia, tukakaa kusikiliza.

Kimbunga chenyewe kilipiga Mafia tarehe 4 Mei. Sisi tulipata upepo na mvua tu, alhamdulillah. Hata hivyo asubuhi ndoo zote saba zilikuwa zimejaa. Nyumba ya kulia, inayokaliwa na wapangaji, ilikuwa imeangusha kipande cha ukuta uani. Ya kushoto, ya bibi mmoja mjane anayeimiliki peke yake, haikudondosha hata tone. Nilimuuliza siri yake. Akanijibu, "Mwanangu, mimi nikiona ufa simuulizi mtu. Namwita fundi."

Nyumba tatu, mawe yale yale, mtaa mmoja, upepo mmoja. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza wazee habari za nyumba zetu, na kila nikirudi nyuma katika historia nakutana na jibu la yule bibi. Tunapozungumzia nyumba imara tunataja mawe, chokaa, saruji na bati. Historia ya visiwa vyetu inataja pia nani ameandikwa kwenye hati, nani anakaa ndani, nani ana fedha mkononi kabla ya mvua, na nani ana ruhusa ya kumwita fundi. Kwa dada anayejiandaa kuolewa na kuhamia nyumba mpya, haya ni mambo ya kujua mapema.

Tufani ya Aprili 1872

Tarehe 15 Aprili 1872, katika kipindi cha kaskazi kumaliza na kusi kuanza, Unguja ilipigwa na tufani ambayo wazee waliisimulia kwa vizazi. Sayyid Barghash alikuwa na mwaka wa pili tu kwenye kiti. Vyombo vilivyokuwa bandarini vilizama au vilitupwa pwani, pamoja na merikebu za Sultani mwenyewe. Mashambani, minazi na mikarafuu iling'olewa kwa wingi kiasi kwamba uchumi wa kisiwa ulibadilika.

Watu hawakuwa wamejiandaa, na sababu yake inaeleweka. Unguja iko kama nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Vimbunga vya Bahari ya Hindi kwa kawaida hupita mbali kusini mwetu, kwa wenzetu wa Madagaska, Msumbiji na Mauritius. Mtu hawezi kujenga kwa ajili ya upepo ambao babu yake hakuwahi kumsimulia.

Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na hapo hali ya kila nyumba ikaanza kuonekana. Tajiri mwenye mashamba visiwa vyote viwili alipoteza upande mmoja akabaki na mwingine, na bei ya karafuu ilipopanda, Pemba ikamlipa. Mwenye shamba moja la Unguja alikuwa na mikarafuu iliyolala chini na miche ambayo ingechukua miaka kadhaa kuzaa. Wengi wa aina hii waliingia katika madeni kwa wafanyabiashara wenye mitaji, wakiweka mashamba rehani. Mtu mwenye deni kubwa hatengenezi paa, anatengeneza deni. Tangu wakati huo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu, na imebaki hivyo mpaka leo.

Kulikuwa na kundi la tatu ambalo hatupendi kulitaja. Mikono iliyopanda mikarafuu upya na kusimamisha kuta ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mikono ya watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka uliofuata, 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka 1897. Mtumwa ambaye kibanda chake kilibomoka alipaswa kushughulikia mali ya bwana wake kwanza. Upepo ulikuwa mmoja, lakini foleni ya kutengeneza haikuwa sawa kwa wote.

Nyumba ya mawe inataka mikono

Tunazisifu nyumba za mawe za Mji Mkongwe, na zinastahili. Ukuta wake una unene wa nusu mita au zaidi, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Boriti za mikoko ndizo zinazobeba dari, na kwa kuwa boriti ina urefu wa kama mita tatu hivi, vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Ukuta ule mnene unakinga joto la mchana. Chokaa nayo inapumua: ukuta ukinywa maji ya masika, unayatoa taratibu wakati wa jua.

Lakini nyumba hii inadai huduma. Zamani mapaa mengi yalikuwa dari tambarare za mawe na chokaa, zilizotwangwa kwa vigongo siku nyingi mpaka zikashikana, na maji yakatolewa nje kwa mlizamu. Chokaa ikipasuka, maji hushuka mpaka kwenye ncha ya boriti ndani ya ukuta, na boriti huoza mahali ambapo jicho halifiki. Kila mwaka kabla ya mvua, mtu lazima apande juu, azibe nyufa, asafishe milizamu na apake chokaa upya.

Nani alifanya kazi hiyo? Katika karne ya 19, nyumba kubwa ilikuwa na watu wengi chini ya amri ya mwenye nyumba. Wageni waliofika Unguja wakati huo waliandika juu ya wanawake watumwa wakipita njiani na mawe na chokaa vichwani. Nyumba ile ilijengwa kwa hesabu ya mikono isiyolipwa. Utumwa ulipofutwa, mawe yalibaki, mikono ikaondoka. Kuanzia hapo kila ufa ulikuwa na bei: siku ya fundi, kibaba cha chokaa, boriti mpya.

Nadhani hii ni moja ya sababu mabati yalipendwa sana yalipoingia mjini kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Ukiweka bati juu ya dari ya zamani, unapunguza kazi ya kila mwaka. Familia iliyokuwa imebaki na jina kubwa na kipato kidogo ilipata afueni. Baadaye saruji nayo ikaja kama rahisi zaidi. Kasoro yake ni kwamba saruji haipumui kama chokaa. Inafunga unyevu na chumvi ndani ya ukuta, na ukuta unaoonekana mpya kwa nje unaweza kuwa unaliwa ndani kwa ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee wamesema. Tuongeze kuwa ukiuziba kwa kitu kisichofaa utajenga pia.

Nyumba ya udongo na kamba za kina bibi

Wengi wa bibi zetu hawakukaa nyumba za mawe. Walikaa nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti, na si haki kuzidharau. Nyumba hiyo inajua kunyenyekea mbele ya upepo. Paa lake ni jepesi, linapitisha hewa, na likianguka haliui kama jiwe au bati. Kombamoyo na pau hufungwa kwa kamba, hazipigwi misumari, kwa hiyo paa linacheza kidogo bila kung'oka.

Kamba hizo zilitoka wapi? Mikononi mwa wanawake. Kwenye vijiji vya mashariki mwa Unguja, wanawake walifukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani yakakaa miezi, wakayafukua, wakayaponda mpaka yakatoa usumba, kisha wakasokota kamba. Wanawake pia walisuka makumba ya ua na kushona makuti. Siku ya kukandika, walichota maji ya kukanyagia udongo na kupika chakula cha wote waliokuja kusaidia. Kinga ya nyumba dhidi ya masika ilikuwa kazi yao kwa kiasi kikubwa, ingawa nyumba yenyewe mara nyingi iliitwa ya fulani, mume wa fulani.

Makuti huchakaa baada ya miaka michache. Udongo unataka kukandikwa tena baada ya mvua kubwa. Mwanamke mwenye wana, wakwe na majirani aliweza kuita watu, nyumba ikakandikwa kwa siku moja au mbili. Mwanamke asiye na watu, mjane mgeni kijijini au aliyeachwa na watoto wadogo, alingoja. Nyumba ya udongo haidai fedha nyingi, lakini inadai jamaa. Ukiishi mbali na jamaa zako, masika yanakukuta peke yako.

Ng'ambo: nyumba yangu, kiwanja cha mwingine

Ng'ambo ilikuwa ng'ambo kweli, upande wa pili wa mkono wa bahari uliouzunguka Mji Mkongwe kabla haujafukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20. Huko ndiko walikohamia watu wengi walioachiwa huru, pamoja na mafundi, wachukuzi, wavuvi na wauza chakula. Sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa ya matajiri wachache au ya wakf. Hapo mwanzo wengi walijenga bila kudaiwa kodi, lakini katika miaka ya 1920 kodi za viwanja zilidaiwa na kupanda.

Fikirieni hesabu ya mama wa Ng'ambo wakati huo. Nyumba ni yake: fito, udongo, mlango na makuti ni jasho lake. Kiwanja ni cha mtu mwingine, anayeweza kupandisha kodi au kumwambia ahame. Je, ajenge kwa mawe? Akifukuzwa, mawe yatabaki kwa mwenye kiwanja. Kwa mtu huyu nyumba nyepesi, inayoweza kubomolewa na kubebwa mlango na boriti zake, ilikuwa busara tupu. Maafisa wa kikoloni walipenda kuziona nyumba hizi kama dalili ya watu kutojali maendeleo. Hawakuuliza kwanza kiwanja ni cha nani.

Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Wanawake walikuwemo, na wengi walikuwa na sababu zao wenyewe, kwa kuwa wanawake wengi wa Ng'ambo walimiliki nyumba kwa majina yao. Mgomo ule uliilazimisha serikali ya kikoloni kuingilia kati. Vitabuni unaandikwa kama habari ya siasa na kodi. Mimi nausoma pia kama habari ya masika, kwa sababu mtu asiyejua kama mwakani atakuwepo hawezi kujenga msingi wa kuinua nyumba juu ya maji.

Nyumba ya binti, mirathi na wakf

Mila zetu zimewahi kulifikiria jambo hili kwa upande wa mwanamke. Kule Lamu, katika familia za nyumba za mawe, ilikuwa desturi baba kumpa binti yake nyumba anapoolewa, au kumjengea ghorofa juu ya ile ya wazazi, na mume akahamia kwake. Mahali pengine familia ilivusha chumba juu ya njia, wikio, ili kuunganisha nyumba mbili za ndugu. Binti alibaki karibu na mama yake, na paa lilikuwa na mwenyewe anayelala chini yake. Mtu anayedondokewa na tone usoni usiku ndiye wa kwanza kutaka litengenezwe.

Suratun-Nisaa imempa mwanamke fungu lake katika mirathi, liwe dogo au kubwa, karne nyingi kabla sheria za Uingereza hazijampa mke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake. Bibi Salme binti Said, ambaye wengi tunamjua kwa kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka Ujerumani mwaka 1886, alihesabiwa mtu mzima akiwa na miaka 12 baada ya baba yake kufariki mwaka 1856, akapewa shamba lenye nyumba pamoja na fungu lake la fedha. Mama yake alipofariki mwaka 1859 alirithi mashamba mengine.

Kwa hiyo sheria haina kasoro. Kasoro inaingia pale tunapoacha kugawa. Tuchukue mfano mwepesi. Baba amefariki, ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, na nyumba moja. Mke ana thumni, yaani sehemu moja ya nane. Zilizobaki saba wanagawana watoto: kila mwanamme sehemu mbili, kila mwanamke moja. Hesabu imekaa sawa kabisa. Sasa mtoto mmoja yuko Muscat, mmoja Dar es Salaam, binti mmoja ameolewa Pemba. Anayekaa ndani ni mama na binti aliyeachika, na kwa pamoja wana sehemu mbili kati ya nane. Paa linavuja. Wakilitengeneza kwa fedha zao, wametengeneza robo yao na robo tatu za wengine. Wakingoja wote wachangie, masika matatu yatapita. Mama akifariki bila kugawa, fungu lake linagawanyika tena. Watoto wakifariki, wajukuu wanaingia. Baada ya miaka 40 nyumba ina warithi 30 na ndoo saba.

Hii ndiyo hali ya nyumba ya shangazi yangu. Hakuna mtu mbaya katika hadithi yake. Kila mmoja anaipenda nyumba ya babu, na kila mmoja anangoja mwenzake.

Wakf ulikuwa njia mojawapo ya kuepuka mgawanyiko huo. Mwenye mali, na wanawake wengi wa Unguja walikuwemo, alifunga nyumba isiuzwe, akataja watakaokaa au watakaofaidika na kodi yake: watoto wake, maskini, msikiti. Mafakihi waliweka utaratibu wenye hekima kwamba mapato ya wakf kwanza yatengeneze wakf wenyewe, ndipo wanufaika wapewe. Mahali utaratibu huo ulipofuatwa, nyumba zilidumu. Mahali kodi ilipokuwa ndogo mno, au msimamizi alipogawa mapato yote bila kubakisha ya chokaa, wakf ulianguka juu ya wale uliokusudiwa kuwahifadhi.

Baada ya 1964

Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilizoachwa au kutaifishwa zilikaliwa na familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba. Kwa familia hizo ilikuwa ni haki iliyocheleweshwa. Kwa nyumba zenyewe ilikuwa hali mpya. Jumba lililojengwa kwa familia moja lilikaliwa na nne au tano. Majiko na vyoo viliongezwa ghorofani, na maji yakaanza kupita kwenye dari za chokaa na boriti kila siku ya mwaka, si wakati wa mvua tu. Kodi ilikuwa ndogo, ikamsaidia maskini, lakini haikutosha kuezeka. Mpangaji aliambiwa paa ni la serikali. Serikali ilikuwa na mapaa mengi.

Ng'ambo nako, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, yalijengwa majumba ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Familia zilizotoka kwenye nyumba za udongo zilipata zege, maji na umeme. Mama aliyekuwa akiogopa kila wingu jeusi alilala usingizi. Lakini ghorofa nayo haina paa la mtu mmoja. Wa juu akivujiwa, wa chini hajui, mpaka maji yamfikie.

Kufikia miaka ya 1980 nyumba za Mji Mkongwe zilikuwa zinaanguka, hasa nyakati za mvua. Mamlaka ya hifadhi iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Yapo majumba yaliyookolewa, na mafundi wa chokaa wakafundishwa upya. Hata hivyo Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, miaka 11 tu baada ya tufani, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jumba la Sultani, lenye macho ya dunia nzima, linaweza kusubiri matengenezo mpaka likaanguka, tusishangae kuhusu nyumba ya mirathi kwenye kichochoro.

Bati la mwani

Turudi mashariki, kwenye vijiji vya makumbi na usumba. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani, na wanawake ndio walioingia majini. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kushika fedha yao wenyewe kila baada ya wiki kadhaa. Ukiwauliza walifanyia nini, majibu yanafanana: skuli ya watoto, vyombo, na nyumba. Tofali moja moja, bati moja moja.

Hapa tunaona kwa macho jinsi hali ya nyumba inavyoamua paa. Kabla ya mwani, mwanamke wa kijiji alikuwa na kazi ya mikono: kamba, makuti, makumba. Baada ya mwani alikuwa na fedha, akanunua paa la kudumu. Bati lilimwondolea kazi ya kuezeka upya, likampa na maji ya mvua ya kukinga kwenye mapipa. Kwa upande mwingine, bati lililopigiliwa kwa misumari michache juu ya mbao nyembamba linaweza kung'olewa na upepo na kuruka kama kisu. Aliyejenga kidogo kidogo mara nyingi alibakisha kazi ya mwisho, ile isiyoonekana: misumari yenye kofia, nanga za kushika paa na ukuta, msingi ulioinuliwa. Fedha ilikwenda kwanza kwenye kinachoonekana na majirani. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Kisha bahari ikapata joto. Aina ya mwani yenye bei nzuri, kotonii, ikaanza kufa kwenye maji ya pwani yaliyochemka, na kipato kikapungua kwa wanawake wale wale waliokuwa wakijenga. Hali ya hewa iliwapiga mara mbili: ilidhoofisha fedha ya paa, kisha ikaleta mvua ya kulipima. Waliovuka vizuri zaidi ni wale waliokuwa na kitu cha pili, kama ushirika wa sabuni za mwani, kuku, au mtoto wa kike aliyesoma. Ni habari ile ile ya 1872, ya mwenye shamba Unguja na Pemba.

Na swali la jina lilibaki. Mwanamke aliyenunua bati kwa fedha ya mwani, likapigiliwa juu ya nyumba iliyojengwa kwenye kitongo cha ukoo wa mumewe, alikuwa na nini mkononi siku ya talaka? Wengine waliondoka na vyombo tu. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar ya 2017 imeipa mahakama nafasi ya kuangalia mchango wa kila mmoja katika mali ya wanandoa, lakini mchango unahitaji ushahidi. Risiti ya bati ni karatasi ndogo. Iweke pamoja na cheti chako cha ndoa.

Kwako bi harusi

Katika siku za kupika, kuimba na kupaka hina, tunamuuliza bi harusi kuhusu kitanda, mapazia na rangi ya gauni. Ningependa na sisi wakubwa tumsaidie kuuliza haya, kwa adabu, na ikiwezekana kupitia kwa walii wake kabla ya siku yenyewe:

Nyumba ni ya nani? Ya mume, ya baba yake, ya mirathi, ya wakf, ya kupanga? Jibu lolote si aibu. Kila moja lina dawa yake.

Kama ni ya mirathi, imegawanywa? Kama bado, warithi wanaweza kukaa siku moja, wakaandika nani anakaa, nani anatengeneza, na fedha yake itahesabiwaje. Ndugu mwenye uwezo anaweza kununua mafungu ya wenzake kwa ridhaa. Chumba cha chini kinaweza kukodishwa, na kodi yake ikawa ya paa kwanza.

Kama ni ya kupanga, nani anatengeneza, na kwa muda gani baada ya kuambiwa? Liandikwe.

Kama utaweka fedha zako, mahari yako au akiba yako, liandikwe pia. Kuandikiana si kutoaminiana. Qur'ani yenyewe, katika Suratul-Baqara, imetuelekeza kuandika deni na kuweka mashahidi, na aya hiyo ni ndefu kuliko zote.

Na kabla ya kila masika, nani anapanda juu kuangalia? Mume akiwa safarini, je, una ruhusa na fedha ya kumwita fundi? Hili ni swali dogo kuliko yote, na ndilo lililozitenganisha zile nyumba tatu za mtaa wetu.

Tufani ni katika qadar ya Mwenyezi Mungu, na hatuna mamlaka juu yake. Lakini mzee aliyemfunga ngamia wake ndipo akategemea alifundishwa hivyo na Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam. Katika nyumba, kumfunga ngamia ni kuziba ufa wakati wa jua.

Mwezi Muharram uliopita tulifanikiwa kuwakutanisha warithi wa nyumba ya shangazi, wengine kwa simu kutoka Muscat. Walizozana, walicheka, walikumbushana babu. Mwishoni walikubali duka la chini likodishwe na fedha yake isiguswe mpaka paa liishe. Fundi alianza upande wa kusi. Shangazi ameniambia nisichukue zile ndoo bado. Anataka kwanza aone masika moja. Namwelewa.